Kutuliza hofu ya kazi bila kujifanya hujali watu

Ukiishi Kisumu, Kakamega au Siaya na cheti cha chuo kiko kabatini, kuna swali hulikwepi: "Siku hizi uko wapi?" Anayeuliza hana haja na mtaa unaolala. Anataka jina la kampuni, la wizara, au angalau la shule. Utaulizwa matangani, kwa kinyozi pale Kondele, kanisani, na zaidi ya yote mwezi wa Desemba, watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani na magari.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni mfupi: usijali watu wanasema nini. Mimi siuamini sana. Huku kwetu "watu" hao ndio walioketi kwenye harambee ya karo yako, ndio watakaoshika majembe siku ukifiwa, na ndio mliopakana nao shamba. Huwezi kuamka Jumatatu ukaamua kwamba hawapo. Unachoweza ni kupanga: nani asikilizwe, kwa jambo gani, na wapi maneno yake yakome. Mwongozo huu ni wa kupanga huko. Ni wa aliyemaliza chuo na hajapata kazi, wa aliye na kazi anayoionea haya, na pia wa mwenye kazi nzuri asiyelala kwa kuogopa kuipoteza. Tafuta daftari la kawaida na kalamu. Usitumie simu, utaona sababu huko mbele.

Hatua ya kwanza: tenga hofu ya tumbo na hofu ya uso

Hofu ya kazi huja ikiwa imefungwa pamoja, lakini ndani mna vitu viwili. Kuna hofu ya tumbo: kodi ya nyumba, unga, mkopo, dawa za mama. Kuna hofu ya uso: nitaonekanaje. Kila moja ina dawa yake, na ukiichanganya na ya mwenzake unazidi kuumia. Wako wanaokopa kwa simu ili wafike nyumbani Desemba na kreti za soda na viatu vipya. Uso umepona kwa pesa ya tumbo, na Januari tumbo linadai.

Gawa ukurasa safu mbili. Andika kila jambo la kazi linalokusumbua, bila kulipamba. Kisha uliza swali moja kwa kila mstari: kama hakuna mtu hata mmoja angejua, jambo hili bado lingeniuma? Likiuma bado, liweke upande wa tumbo. Likipungua ghafla, ni la uso.

Tuseme wewe ni mwalimu uliyeajiriwa na bodi ya shule huko Nyakach, bado TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, haijakuita. "Mshahara umechelewa tena na mtoto anadaiwa karo": tumbo. "Tuliosoma pamoja wameshapata namba na wameajiriwa": uso. "Nikiugua sina akiba": tumbo. "Mzee hutaja jina la binamu yangu kila tukikaa kula": uso. "Nina miaka 31 na bado naishi bedsita": hapa wengi husita, lakini wakiulizana ukweli hukubali kuwa ni uso, maana chumba kisichovuja hakina kosa lolote mpaka mgeni abishe hodi.

Huenda safu ya uso ikawa ndefu kuliko ulivyodhani. Huenda pia ikawa fupi sana. Wapo watu ambao shida yao ni pesa, basi, na si haki kuwaambia wabadilishe fikira. Wao waende moja kwa moja hatua inayofuata na wakae hapo.

Hatua ya pili: mambo ya tumbo yape tarakimu

Hii haina maneno mengi. Kwa kila mstari wa tumbo andika vitu vitatu: ni shilingi ngapi, ni kufikia tarehe gani, na ni nani wa kuonwa. "Pesa hazitoshi" haitibiki. "Napungukiwa 3,500 kufikia tarehe tano, wa kuonwa ni mwenye nyumba" ina pa kuanzia.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unastahili mstari wake. Mkopo wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya anayenyamaza imekuwa shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Ukilinganisha, kinachogharimu zaidi ni kule kunyamaza. Wengi hunyamaza kwa sababu wanaona haya kusema hawana kazi, yaani ni hofu ya uso imevaa nguo za tumbo. Wapigie, au wafuate kwenye Huduma Centre, ueleze hali yako na uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Afisa wa kaunta amesikia habari kama yako asubuhi hiyo hiyo.

Vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba navyo, yaani cha tabia njema kutoka polisi, cha KRA (mamlaka ya kodi), cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na vinginevyo, usivilipie kwa wasiwasi tu. Subiri tangazo la kazi livitaje.

Hatua ya tatu: hao "watu" wape majina

Ukiandika "watu watanicheka", futa. Andika nani. Jina kamili, na mahali mtakapokutana. Orodha hii ikikamilika mara nyingi haijazi ukurasa, na majina mengine yatakushangaza: jirani wa zamani mliyeachana mkiwa darasa la nane, mwanamke mmoja wa kwaya, kijana mliyeshindana naye Hisabati. Mtu anaweza kuishi miaka akimwogopa mshindani wa Hisabati ambaye sasa hajui hata alipo.

Sasa gawa majina hayo. Kuna waliobeba mzigo wako: waliolipa karo, wanaokulisha, mwenzi wako, watoto. Kuna wanaoijua kazi yako: fundi aliyekutangulia, mwalimu wako wa chuo, msimamizi wa zamani. Waliobaki ni watazamaji. Usimweke mtu kundi la juu kwa sababu ya umri au sauti yake peke yake.

Watazamaji hawapaswi kukupotezea muda. Kazi kubwa iko kwa waliobeba mzigo, na hapa ndipo ushauri wa "usijali" unapovunjika. Baba mdogo aliuza ndama ili ulipe karo ya muhula wa kwanza Maseno. Sasa anasikia kwa watu kwamba unafunga sola kwenye nyumba za watu huko Ahero. Ana haki gani?

Kwa maoni yangu ana haki tatu: shukrani, habari, na kukumbukwa ukipata. Haki ya kukuchagulia kazi haimo, hata ndama wangekuwa kumi. Lakini habari ni haki yake kweli, na vijana wengi humnyima hiyo hiyo. Hujificha, hawapokei simu, hawaji nyumbani, kisha mzee anajaza pengo kwa yale anayosikia sokoni. Mengi tunayoyaita kusengenywa ni habari tuliyokataa kuitoa wenyewe.

Basi nenda umwone kabla hajaelezwa na mwingine. Nenda siku ya kawaida, usingoje sherehe. Sema kwa ufupi, kwa heshima, na usiombe radhi kwa kazi yako:

"Baba mdogo, yule ndama uliyemuuza kwa ajili yangu sijamsahau. Kazi ya uhandisi bado haijapatikana, naendelea kuomba. Kwa sasa nafunga mitambo ya sola, na kazi hiyo inanilisha. Nikipata nyingine nitakupigia wewe kwanza."

Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukunja uso. Anaweza kusema mtoto wa fulani yuko benki. Mwache aseme. Wazee wa eneo hili walijifunza maana ya kazi wakati Reli ilikuwa Reli, kiwanda cha nguo cha Kicomi kilipokuwa kikilia king'ora hapa Kisumu, na kiwanda cha sukari cha Mumias kilipokuwa kikilisha familia hadi mbali. Kazi ilikuwa nyumba ya kampuni, likizo, na pensheni. Kicomi ikafungwa. Mumias ikaishia mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa sababu ya madeni, mwaka 2019. Viwanda viliondoka, kipimo kikabaki vichwani. Mzee anayekuuliza "umeajiriwa wapi" anakutakia kile kilichomfaa yeye, na ukilielewa hilo swali lake linapungua makali, ingawa si lote. Akiendelea kukudharau mwaka baada ya mwaka na umeshampa zile haki zake tatu, mhamishe taratibu kwenye kundi la watazamaji. Unaweza kumheshimu mtu bila kumpa usukani.

Wanaoijua kazi wasikilize hata wakikuudhi. Fundi mkuu akisema waya zako zimefungwa ovyo, au mtu wa ajira akisema barua yako ina makosa ya tahajia, usijifariji kwamba wana wivu. Kupunguza kujali maoni hakumaanishi kufunga masikio kwa anayekujua kazini. Ajabu ni kwamba watu hao ndio tunaowakwepa zaidi, huku tukipoteza usingizi kwa neno la mtu wa kwaya.

Hatua ya nne: kariri majibu kabla ya matanga

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna ya "likitokea hili, nitafanya lile". Mtu aliyeamua mapema atafanya nini mahali fulani huwa na nafasi kubwa ya kulitenda kuliko aliye na nia njema tu. Maswali ya kazi yanafaa sana mpango huu, kwa kuwa hayabadiliki. Ni yale yale kila msiba.

Andika majibu yako, uyaseme kwa sauti chumbani mpaka yasikwame. Jibu zuri lina ukweli, ni fupi, na linamrudishia muulizaji mazungumzo.

Shangazi: "Na wewe, bado hujapata kazi?"
"Nafanya, shangazi, niko na duka la M-Pesa Nyalenda. Na wewe goti linaendeleaje?"

Mzee wa ukoo, mbele ya watu: "Tulikusomesha uje uuze samaki?"
"Ndiyo, mzee, na hesabu mlizonisomesha ndizo natumia. Nitakuja nyumbani tuongee vizuri." Sema na uende ukasaidie kubeba viti. Usibishane na mzee mbele ya hema. Hata ukishinda umeshindwa.

Rafiki wa shule: "Omera, kumbe uko hapa tu?"
"Niko hapa tu. Wewe je?" Usiongeze kitu. Maneno mawili matatu ya kujitetea ndiyo yanayomwambia kuna kidonda.

Uongo usiuweke kwenye daftari. Ukisema umeajiriwa kaunti, kesho utaombwa umtafutie mtu kibarua huko, na hofu uliyotaka kuipunguza imepata chakula cha mwaka mzima.

Hatua ya tano: pima macho ya watu

Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio moja la kuchekesha. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kijana wa wakati ule angeona haya kuivaa, kisha akaingizwa chumba chenye wenzake. Aliyeivaa alikisia kuwa karibu nusu ya waliomo waliitambua. Ukweli ulikuwa karibu robo. Tunajiona tuko katikati ya uwanja kumbe wengine wanahangaika na fulana zao.

Nitaongeza tahadhari: Cornell si kijijini kwenu. Pale soko dogo la Luanda au Yala robo ya watu inatosha kufikisha habari kwa mama kabla ya jioni. Kwa hiyo usiamini jaribio la wenyewe, fanya lako.

Tuseme unaona haya kuonekana ukiuza nguo za mitumba Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika. Kabla hujatoka nyumbani andika unachotabiri: utakutana na nani, atasema nini, utajisikiaje. Rudi jioni uandike yaliyotokea kweli, pamoja na pesa uliyoingiza. Fanya hivyo kila Jumapili mpaka safu mbili ziwe na kitu cha kulinganishwa. Utaona mambo ambayo hakuna ushauri ungekuonyesha. Wengine walikupita bila kukutambua. Wengine walinunua na kuomba wapunguziwe bei kwa sababu mnajuana, na hilo linaudhi kuliko dharau. Mmoja labda alicheka kweli. Andika jina lake, uangalie yuko kundi gani katika ukurasa wa hatua ya tatu.

Kama Kibuye ni kubwa mno kuanzia, anza na kidogo: pita dukani na ovaroli yako ya kazi badala ya kubadilisha nguo kwanza, au taja kazi yako kwa jina lake kwa mtu mmoja anayekuheshimu. Ongeza kadiri mapigo ya moyo yanavyotulia. Usiruke kwenye lile gumu kabisa, ukatishike na kurudi chumbani.

Hatua ya sita: wasiwasi upe saa yake

Thomas Borkovec na wenzake walijaribu njia hii mwaka 1983, na bado washauri wengi huitumia. Chagua nusu saa, wakati ule ule na mahali pale pale kila siku. Wasiwasi wa kazi ukija saa nyingine, uandike kwa neno moja uuambie usubiri. Ikifika saa yake, keti uwaze kwa nguvu zote, ukitafuta lipi lina la kufanywa. Nusu saa ikiisha, inuka.

Watu hucheka wakisikia hivyo, na siku za kwanza huwa ngumu kweli. Kinachofanya kazi ni kwamba akili inaacha kuunganisha wasiwasi na kila kitu: kitanda, matatu, sahani ya ugali. Ndiyo maana mahali pasiwe kitandani. Kiti cha nje chini ya mti kinafaa, au benchi la stendi kabla hujapanda gari la kurudi nyumbani. Mwenye kazi nzuri anayeogopa kufutwa atafaidika na hatua hii kuliko zote, maana hofu yake haina siku maalum. Bosi akipita bila salamu imeshaanza.

Kabla ya kulala, tumia dakika tano kuandika kazi za kesho. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor na wenzake walichapisha mwaka 2018 kwamba walioandika ya kesho walipata usingizi mapema, kwa dakika kama 9, kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Dakika 9 si nyingi, lakini ni bure.

Daftari lina mpaka wake. Ukipita wiki mbili huli vizuri, hulali, hutaki kuona mtu, au ukianza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, weka mwongozo huu chini. Mwambie mtu mmoja wa kundi la kwanza leo, uende hospitali, au upige 1199, namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haikatwi pesa.

Kuhusu simu nitasema kidogo. Leon Festinger alieleza tangu mwaka 1954 kwamba mtu asipokuwa na kipimo cha wazi hujipima kwa wenzake. WhatsApp ya waliomaliza pamoja chuo ni mizani inayotembea nawe hadi chooni. Zima arifa zake, usitoke kwenye kundi (kutoka kutazua maswali), na uifungue mara moja kwa wiki uone matangazo ya kazi.

Hatua ya saba: tendo moja kila wiki

Hofu ya uso ikishuka, nguvu hurudi, na mtu hushawishika kufanya jambo kubwa: kuacha kazi kwa kishindo, kuuza shamba afungue biashara. Usiache mbachao kwa msala upitao. Fanya tendo moja dogo la kazi kila wiki, liwe na tarehe.

Njia ya kazi hainyooki hata kwa waliofika mbali. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alisomea uuguzi Uganda, akafanya kazi BBC huko London, akawa mkunga Maseno, afisa wa maendeleo ya jamii hapa Kisumu, afisa uhusiano wa Air India, na katikati ya hayo yote mwandishi, kisha mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Angekutana na shangazi wa matangani katika mwaka wowote ule, angeulizwa mbona hatulii.

Tendo ninalolipendekeza mbele ya mengine ni kumtafuta mtu unayemjua kidogo tu. Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973, kwa kuwahoji watu waliobadilisha kazi Marekani, kwamba habari za kazi huja sana kupitia watu tunaokutana nao mara chache, kwa sababu wao wanajua tusiyoyajua. Ndugu na marafiki wa karibu tayari wanajua unachokijua wewe. Hapa pia hofu ya uso ndiyo hutuzuia: tunaona aibu kumwandikia mtu tuliyefanya naye mafunzo ya kazini miaka minne iliyopita. Mwandikie Jumanne asubuhi, si usiku, na usiombe kazi moja kwa moja. Kama huna maneno, chukua haya:

"Habari ya asubuhi, ni mimi tuliyefanya mafunzo pamoja kule maji Kisumu. Siku hizi nafunga pampu na sola Ahero na Awasi. Nimeona mmeanza miradi ya visima Nyando. Ningependa kujua ni vyeti gani wanaangalia kwa mafundi. Ukipata nafasi nipigie, au niambie nikupigie saa ngapi."